Ilitoka ngapi, imefika ngapi? Maneno niliyosema Kisauni kuhusu pesa za nje na makato yake

Jumamosi mvua ilinyesha na wengi hamkufika mkutanoni Kisauni, hapa Mombasa, na katibu amenisumbua tangu juzi niyaweke yote niliyoyasema. Basi haya hapa, nimeyaandika vile yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha maana hata siku yenyewe projekta ilikataa.

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mama zangu, baba zangu, dada zangu wenye watoto Saudia na Oman, na nyinyi vijana wa kazi za mtandaoni mliokaa kule nyuma karibu na mlango mpate kutoroka mapema, nawaona.

Nianze na swali, na msinijibu kwa mdomo. Mara ya mwisho ulipotumiwa pesa kutoka nje, ilitoka ngapi huko? Sikuulizi imefika ngapi, hiyo unaijua mpaka senti. Nauliza ilitoka ngapi. Mnaona? Ukumbi mzima mnaangalia viatu.

Mimi si mtu wa benki. Mimi ni mtafsiri, nakaa nyumbani na laptopu yangu, na nimejifunza haya mambo kwa kukatwa. Mwaka 2019 nilipata mteja Ujerumani, akakubali kunilipa dola 300 kila mwezi, nikafurahi nikamwambia mama sasa shida zimepungua. Mwezi wa kwanza pesa inaingia naangalia stetimenti naona dola 263. Nikasema huyu Mjerumani ameniibia. Nikamwandikia imeili ya hasira, wallahi hadi leo naona haya nikiikumbuka, yeye akanijibu kwa upole na risiti yake, 300 imetoka. Basi nikageuza hasira nikampelekea yule dada wa kaunta, nikapiga kelele mpaka askari akasogea. Dada wa watu hajui chochote, yeye anaona 263 kwenye kompyuta yake kama mimi.

Meneja ndiye aliyeniita ndani, akaprinti karatasi moja akaniwekea mezani. Hiyo karatasi inaitwa MT103, na ningependa kila mtu hapa alikariri hilo jina kama anavyokariri namba yake ya simu. Ni nakala ya ile meseji ambayo benki ya mtumaji iliituma kuja benki yako. Ndani yake imeandikwa kiasi kilichoagizwa, kiasi kilichofika, na kila aliyekata njiani alikata ngapi. Yangu ilikua hivi: benki ya New York imekata 15, benki nyingine ya katikati imekata 12, na hii ya kwangu ikachukua 10. Jumla 37. Halafu hiyo 263 iliyobaki ikageuzwa shilingi kwa reti ya 100 wakati siku hiyo sokoni dola ilikua kama 103. Kwa hesabu ya haki ningepata 30,900, nikapata 26,300. Shilingi 4,600 zimepotea kwenye malipo moja, na mimi nilikua nimegombana na watu wawili ambao hawakuchukua hata nusu yake.

Sasa mtu ataniuliza, New York imeingiaje hapa? Mtumaji yuko Ujerumani, mpokeaji yuko Kisauni, New York anatafuta nini? Anatafuta dola, jamani. Malipo ya dola kutoka benki moja kwenda nyingine kwa kawaida lazima yapitie benki iliyo Marekani, haijalishi nyinyi wawili mko wapi. Na hii SWIFT mnayoisikia haibebi pesa hata kidogo, ilianzishwa 1973 kule Ubelgiji, ni mtandao wa meseji tu, benki zinaambiana mpe huyu, mkate yule. Pesa yenyewe inahama kwa kuandikwa kwenye vitabu, benki hii inamdai huyu, huyu anamdai yule, na kama benki ya mtumaji haina akaunti na benki yako basi anatafutwa wa katikati, na wa katikati naye hafanyi kazi kwa thawabu.

Ni kama gunia la nazi linatoka Msambweni kuja Kongowea. Kuna wa matatu, kuna hamali wa kule Likoni, kuna wa mkokoteni ukishavuka feri, na kila mmoja anachukua nazi zake mbili tatu. Gunia limetoka na nazi 100 limefika na 92, na wewe unamtukana nani? Unamtukana muuzaji wa Kongowea kwa sababu ndiye uliyemkuta.

Kwa hiyo dawa ya kwanza, kabla ya kubadilisha chochote, ni kujua. Ilitoka ngapi, imefika ngapi? Muombe mtumaji risiti, muombe benki yako ile MT103, uweke karatasi mbili kando kwa kando. Mabenki yamehamia fomati mpya ya meseji Novemba 2025 lakini ukisema MT103 kaunta watakuelewa tu. Na kama pesa imechelewa usikubali kuambiwa subiri subiri, tangu Novemba 2018 kila malipo ya SWIFT lazima yawe na namba ya kufuatilia, ndefu, herufi na tarakimu zake pamoja na vistari ni 36. Inaitwa UETR. Mtumaji anayo. Mpe benki yako hiyo namba, waangalie pesa imekwama wapi.

Kwenye fomu ya mtumaji kuna kisehemu kidogo kinauliza chaji analipa nani. Wengi hawakioni. Kuna maneno matatu: OUR, yaani mtumaji analipa zote, BEN, yaani zote juu yako wewe unayepokea, na SHA, yaani mnagawana, yeye analipa ya benki yake na zilizobaki zote za njiani zinakuangukia wewe. Huo ndio mgao. Na mtu asipochagua, mara nyingi inakaa kwenye SHA yenyewe. Mjerumani wangu hakua na nia mbaya, alikua hajui kisehemu hicho kipo. Nilipomueleza akasema OUR inamgharimu zaidi kwa kila malipo, lakini kama nitakubali kulipwa mara moja kwa miezi miwili yuko tayari. Nikakubali. Nyinyi vijana, mkiandika mkataba andikeni humo kwamba kiasi ni kile kinachofika, au pandisheni bei kidogo mkijua njia ina wenyewe. Kuomba si aibu, mimi imeniondolea makato ya njiani kwa imeili moja.

Hapo nimegusa jambo ambalo nataka nikae nalo, nalo ni mara ngapi.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, leo hakuja, alifanya kazi Uingereza miaka mingi na analipwa pensheni ya serikali ya kule. Analipwa kila wiki 4. Benki yake huku inakata, tuseme, 1,500 kila pesa ya nje inapoingia, iwe ndogo iwe kubwa. Wiki 4 maana yake mara 13 kwa mwaka, 13 mara 1,500 ni 19,500. Mzee alikua hajui kwamba ile pensheni ukiwa nje ya nchi unaweza kuchagua kulipwa kila wiki 4 au kila wiki 13. Wiki 13 ni mara 4 kwa mwaka, yaani 6,000. Tofauti ni 13,500, na hajagombana na mtu, ameandika barua tu.

Lakini nisiwadanganye, bi mkubwa wake alikataa. Alisema wewe mpe huyu mzee pesa ya miezi mitatu kwa mpigo uone kama itafika mwezi wa pili. Na ana haki! Walichofanya, pesa ikiingia wanaigawa mafungu matatu, fungu mbili zinalala kwenye akaunti ya mama. Kila nyumba na siasa yake.

Sasa nije kwa mama zangu, na mnisamehe, leo nitasema kweli. Binti yako yuko Riyadh anafanya kazi za nyumba. Anatuma pesa mara nne kwa mwezi. Kila akituma duka la kutuma pesa linachukua, tuseme, riyali 20. Mara nne ni 80. Angetuma mara moja angelipa 20. Hizo 60 zilizozidi ni zaidi ya shilingi 2,000, kila mwezi. Kwa nini anatuma mara nne? Yeye ndiye mjinga? Hapana. Ni sisi. Jumatatu tumempigia gesi imeisha, Alhamisi tumempigia mtoto ana homa, wiki inayofuata kuna arusi, na binti wa watu kila simu anakimbilia pesa maana anaogopa aonekane amesahau nyumbani. Makato mengine hayaletwi na benki, tunayaleta sisi kwa simu zetu. Kaeni naye mpange: tarehe fulani, mara moja, na akiba kidogo ya dharura ibaki huku.

Na riyali ya Saudia ni rahisi kuihesabu, imefungwa kwa dola tangu 1986, dola moja ni riyali 3.75 siku zote. Dirham ya Emirati nayo imefungwa, 3.6725. Kwa hiyo ukijua dola leo ni ngapi Kenya, unajua riyali inafaa kuwa ngapi, gawanya tu. Dola ikiwa 129, riyali ni 34.40. Ukiambiwa 33, kuna mtu amekaa katikati ya hizo shilingi moja na senti 40.

Hapo ndipo penye wizi wa adabu. Reti. Chaji inaandikwa kwenye risiti, reti haiandikwi kama chaji, na ndio maana hatuioni. Tuseme dola sokoni ni 129 na benki inakununulia kwa 125.50. Shilingi tatu na nusu, nani atalia kwa shilingi tatu na nusu? Kwa dola 1,000 ni 3,500. Kila mwezi, kwa mwaka ni 42,000. Hiyo ni karo ya mtoto, jamani. Ukiona tangazo la apu limeandikwa bila chaji, usishangilie, fungua tovuti ya Benki Kuu, kila siku ya kazi wanaweka reti ya siku, chukua ile, zidisha kwa pesa iliyotoka, halafu linganisha na shilingi zilizokufikia. Tofauti yote ndiyo bei uliyolipa, wakiiita chaji, wakiiita huduma, wakiiita zawadi. Ilitoka ngapi, imefika ngapi? Swali ni hilo hilo.

Benki ya Dunia inapima haya mambo kwa mfano wa kutuma dola 200, na kanda yetu hii ya Afrika kusini ya Sahara ndiyo ghali kuliko zote, karibu asilimia 8, na kati ya njia zote benki ndiyo huwa ghali zaidi. Mataifa yamekubaliana kwamba ikifika 2030 iwe chini ya asilimia 3. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walileta nyumbani karibu dola bilioni 4.9, sasa asilimia moja tu ya hiyo piga hesabu mwenyewe. Mimi 2030 siwezi kuingoja, tuendelee.

Reti inajadiliwa. Hili watu wengi hawaliamini. Ukipokelea kwenye akaunti ya shilingi, benki inageuza yenyewe, hakuna anayekuuliza. Ukiwa na akaunti ya dola, pesa inaingia ikiwa dola inakaa, halafu wewe unampigia meneja unamwambia nataka kubadilisha 1,000, nipe reti nzuri, benki nyingine wamenipa hivi. Mara nyingi wanapandisha kidogo, hasa ukiwa unapokea kila mwezi. Ila uliza kwanza hiyo akaunti ina ada ya mwezi au haina, na kuchukua dola keshi dirishani wanakata ngapi, maana kuna dada yangu mmoja alifungua akaunti ya dola kwa kupokea dola 80 kwa mwezi, ada ikamla yote aliyookoa.

Na akaunti ya dola ina shetani wake. Januari 2024 dola ilikua imefika kama 160, mnakumbuka? Kila barza watu wanasema itafika 200. Kijana mmoja, yuko humu, simtaji na namuomba asicheke ili asijulikane, alikua na dola 4,000 benki anangoja hiyo 200. Februari serikali ikauza Eurobond mpya, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 1.5 ili ilipe ile iliyokua inaiva Juni, hofu ya soko ikaisha, na kabla Machi haijaisha dola iko kama 131. Dola 4,000 mara shilingi 29. Amepoteza zaidi ya laki moja kwa kungoja. Chaji ya benki ingemla laki moja kweli? Akaunti ya dola ni ya kukwepa reti mbaya. Ukiigeuza kamari hiyo ni shughuli nyingine, mimi simo.

Haya, njia nyingine. Vijana sasa amkeni.

Kuna hizi kampuni kama Payoneer na Wise. Ujanja wao ni mmoja, hawavushi mpaka kwa njia ya zamani. Payoneer kwa mfano inakupa namba za akaunti kama wewe uko Marekani au Ulaya, mteja wako analipa kama anavyomlipa jirani yake, kwa njia za ndani za benki za huko, ACH kule Marekani au SEPA kule Ulaya, hakuna wa katikati, hakuna gunia la nazi. Halafu wewe unatoa kuja benki ya hapa. Wise nayo, mteja analipa kwao halafu wao wanakulipa huku kwa shilingi, hata kwenye M-Pesa. Wanakata pia, msidanganyike, tena zingine zina ada ya mwaka ukipokea kidogo, soma kabla ya kujisajili. PayPal imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, ni rahisi, dakika chache, lakini raha hiyo unailipia kwenye reti. Mimi huitumia nikiwa na haraka tu.

Na kama unaenda M-Pesa jua mipaka yake, muamala mmoja mwisho 250,000 na laini nzima haibebi zaidi ya 500,000. Halafu pesa ikishaingia mbona unakimbilia kwa ajenti kuitoa yote? Unalipa kutoa, halafu unaenda kuilipa dukani keshi. Lipa kwa till, ile namba ya malipo ya duka, hapo hapo, mnunuzi hakatwi.

Mwenye ndugu Marekani anisikize hapa. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kule kuna ushuru wa asilimia 1 kwa anayetuma pesa nje kwa kulipa keshi dukani au kwa hawala ya posta na hundi ya benki. Akilipia kutoka akaunti yake ya benki au kadi ya debit ya kule, ushuru huo haumgusi. Mpigie leo umwambie aache kubeba noti.

Jambo la mwisho na ni letu kabisa sisi watu wa pwani. Majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, pasipoti inasema Muhammad, benki wameandika Mohammed mara mbili ya m, na mteja wa nje ameambiwa Moha. Jirani yangu alilipwa dola 600, ikafika benki, jina halikulingana, ikakaa siku tisa, ikarudishwa. Kurudi nako kuna nauli! Ilikatwa ikija, ikakatwa ikirudi, kwa mteja ikafika 540 na kitu, na mteja akasema mimi nishalipa 600, hizo zingine shauri yako. Akatuma tena iliyobaki, ikakatwa tena. Dola 600 ikaingia mfukoni 500 na chembe, kwa sababu ya herufi. Kwa hiyo fungua stetimenti yako, nakili jina kama lilivyo pale, herufi kwa herufi, na bin yake na binti yake kama ipo, pamoja na namba ya akaunti na SWIFT code, yaani herufi za kuitambulisha benki yako, uitume kwa maandishi. Usiisome kwa simu. Watu wa nje hawajui kuandika Mwanakombo.

Nilipomaliza baba mmoja akauliza, sasa si bora hawala tu, ile ya zamani, unampa mtu Muscat ndugu yake anakupa huku Mombasa, hakuna makato? Nikamjibu hivi. Baba, wazee wetu wamefanya biashara na Muscat kwa kuaminiana, siwezi kuidharau hiyo njia. Lakini leo kutuma pesa Kenya ni biashara ya leseni ya Benki Kuu, na huyo asiye na leseni akizima simu utampeleka kwa nani? Hata karatasi huna. Zipo kampuni zenye asili ya hawala zilizosajiliwa, zina duka na risiti, nenda kwa hao ukawaulize reti.

Mama mmoja akanyoosha mkono akasema yeye stetimenti anayo hapa kwenye pochi ila hajui kuisoma, binti yake amemwambia ametuma riyali 1,000. Nikamwambia njoo mbele mama, lete na miwani. Tukakaa kwenye ile meza ya mwenyekiti, vijana wa mlangoni wakarudi kutazama, na tukaanza na mstari wa kwanza.